Maili Ngapi? Uliza Kwanza Zimeanzia Wapi



Kila mtu aliyewahi kutembea mashambani anaijua hadithi hii. Unashuka kwenye matatu, unakutana na mama aliyejitwika kuni, unamwuliza, "Mama, kwa chifu ni mbali?" Naye anakujibu kwa upole, "La, mwanangu, si mbali. Ni hapo tu." Basi unatembea. Unavuka mto. Jua linapanda. Unamkuta mzee ameketi chini ya mti, unamwuliza tena, naye anaelekeza kwa kidevu: "Hapo tuuu, nyuma ya kale kamlima." Unapofika, viatu vimejaa vumbi na saa mbili zimekwisha.

Yule mama hakukudanganya. Njia hiyo anaipita kila siku, na kwake kweli ni hapo tu. Babu zetu nao hawakuhesabu maili. Walisema "mwendo wa nusu siku" au "mwendo wa siku tatu", na hilo liliwatosha kwa sababu kila mtu alijua mwendo wa mtu mzima mwenye mzigo. Vitu vidogo vilipimwa kwa mwili: shibiri, dhiraa ambayo ndiyo mkono, na pima, yaani mikono minne.

Shida huanza siku mambo yanapoandikwa kwenye karatasi. Kwenye karatasi "hapo tu" haiandikiki. Inaandikwa nambari, na nambari hiyo ikishatiwa sahihi inaweza kuamua maji yatafika kwa nani, barabara itapita wapi, na shamba ni la nani. Katika nchi yetu ya Kenya kuna watu ambao maisha yao yaligeuzwa na maili kumi, na wengine na maili moja tu, wala wao wenyewe hawakuulizwa.

Katika makala hii tutaangalia maili zilivyoingia katika historia na jiografia yetu, halafu tuone kikundi kinaweza kujifunza nini. Tukumbuke maswali matatu tunaposoma. Kwanza, ni maili ya aina gani? Pili, imeanza kuhesabiwa kutoka wapi? Tatu, nani aliyepima, na kwa faida ya nani?

MAILI ILITOKA WAPI?

Neno maili limetoka kwa Warumi wa kale. Kwa lugha yao maana yake ni "elfu", yaani hatua elfu moja za askari. Lakini hatua yao ilihesabiwa mguu ule ule unapogusa chini mara ya pili, kwa hiyo ni kama hatua zetu elfu mbili. Maili hiyo ya Kirumi ilikuwa karibu mita 1,480.

Wengi wetu tumeisikia maili hii kanisani bila kuitambua. Katika Injili ya Mathayo 5:41 Yesu anazungumza juu ya mtu anayekulazimisha kwenda naye maili moja. Wasikilizaji wake walielewa mara moja. Nchi yao ilikuwa chini ya Warumi, na askari aliweza kumshika mtu njiani na kumbebesha mzigo wake. Kumbe tangu zamani maili haikuwa kipimo cha njia tu. Ilikuwa pia kipimo cha amri ya mwenye nguvu juu ya mnyonge.

Waingereza walichukua neno hilo na kulifanyia mabadiliko. Wakulima wao walikuwa na kipimo chao, urefu wa mtaro ambao ng'ombe wa kulima waliweza kuuvuta kabla ya kupumzika, ambao ni futi 660. Mashamba mengi yalikuwa yamepimwa kwa urefu huo. Mwaka 1593, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lao liliamua maili iwe sawa na mitaro minane, yaani futi 5,280. Maili ilirefushwa ili ikubaliane na mashamba, kwa sababu kugusa kipimo cha mashamba kungevuruga hati za watu. Hiyo ndiyo maili tuliyoletewa huku, nayo ni mita 1,609.

Iko maili nyingine tena, ya mabaharia. Dunia ni mviringo, na wataalamu wameugawa mviringo huo katika digrii 360, kisha kila digrii katika sehemu 60. Sehemu moja kati ya hizo ndiyo maili ya bahari, nayo ni mita 1,852. Kwa hiyo maili ya bahari ni ndefu kuliko ya nchi kavu kwa karibu mita 243. Unaweza kusema hiyo ni tofauti ndogo. Ngoja kidogo, utaona.

Baada ya uhuru Kenya iliacha maili katika kazi za serikali ikachukua kilomita. Maili moja ni kama kilomita 1.6. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: maili 5 ni kilomita 8. Lakini maili haikuondoka midomoni mwetu. Watu wa Eldoret wana Maili Nne yao. Kajiado kuna mahali panaitwa Mile 46, kwenye njia ya reli ya Magadi. Ng'ambo ya mpaka, Kibaha, kuna Maili Moja.

MAILI KUMI ZA MWAMBAO

Sasa twende Pwani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilifanya mapatano juu ya Afrika Mashariki. Kila moja ilitaka sehemu yake ya bara, lakini mwambao ulikuwa na mwenyewe, Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Barghash. Nchi yake inaanzia wapi na kuishia wapi? Wakubwa hao walikubaliana kwamba ni ya Sultani ardhi yenye upana wa maili kumi tu kutoka baharini, kuanzia upande wa kusini karibu na mto Ruvuma hadi Kipini, karibu na mdomo wa Tana. Zaidi ya hapo, bara yote, waligawana wao.

Hebu tuulize yale maswali yetu. Maili ya aina gani? Ni maili za bahari. Kwa hiyo maili kumi hizo si kilomita 16 bali ni kilomita 18 na nusu. Tofauti ni karibu kilomita mbili na nusu. Kwa kila kilomita moja ya ufuo tofauti hiyo ni kama eka 600 za ardhi. Ukienda kutoka Vanga hadi Kipini, ni eka ngapi hizo? Na katika eka hizo kuna minazi, mikorosho, makaburi ya wazee na vijiji.

Zimeanzia wapi? Zilihesabiwa kutoka pale maji ya bahari yanapofika yakijaa, kuelekea bara moja kwa moja. Lakini mwambao wetu haukunyooka kama rula. Kuna mikono ya bahari inayoingia ndani, kuna visiwa, kuna ghuba. Mtu anayechora mstari ofisini ataona kazi ni rahisi. Mtu anayeishi pale mstari unapopita hauoni popote. Hakuna mto, hakuna mlima, hakuna mti wa mpaka.

Na nani alipima? Si Mdigo, si Mgiriama, si Mrabai, si Mswahili wa Mombasa. Hata Sultani mwenyewe alitakiwa tu kukubali yaliyokwisha kuamuliwa na wakubwa hao.

Mambo yaliyofuata yanatokana na mstari huo. Upande wa kusini, ambao leo ni Tanzania, Wajerumani walimlipa Sultani mwaka 1890 wakauchukua kabisa. Upande wetu Waingereza hawakununua, walikodi. Kwa mapatano ya mwaka 1895 walikubali kumlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Mwaka 1920 bara ikaitwa Koloni, na zile maili kumi zikabaki kuwa Himaya. Ndiyo sababu nchi ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus miaka yote hiyo.

Jambo lililouma zaidi lilikuwa la ardhi. Ndani ya maili kumi sheria ya ardhi ilikuwa tofauti na ya bara. Mwaka 1908 serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa kuleta madai yake yasikilizwe, na akikubaliwa apewe hati. Ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ikawa ya serikali. Wale waliojua karatasi na ofisi walipeleka madai yao. Lakini familia nyingi za Wamijikenda zilikuwa na ardhi ya ukoo, ambayo shahidi wake ni kaburi la babu na mnazi alioupanda. Wengi hawakupata hati. Watoto na wajukuu wao walijikuta wanaitwa maskwota mahali pale pale walipozaliwa, wakalipa kodi kwa kulima, na wengine wakaweza kufukuzwa wakati wowote mwenye hati akitaka.

Uhuru ulipokaribia, swali la maili kumi likarudi kwa kishindo. Wengine Pwani walitaka mwambao ujitawale, wengine walitaka uwe Kenya moja. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na ushauri wake ulikuwa mwambao uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwa barua. Sultani aliacha dai lake, na Kenya ikaahidi kulinda uhuru wa dini, mahakama za Kadhi na hati za ardhi zilizokwisha kutolewa. Ndiyo sababu mpaka leo Katiba yetu ya mwaka 2010 ina Mahakama za Kadhi.

Lakini ona vizuri hilo neno la mwisho: hati zilizokwisha kutolewa. Aliyekuwa nayo alilindwa. Aliyekosa mwaka 1908, wajukuu wake walikosa tena mwaka 1963. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 ilikiri wazi kwamba ardhi ya Pwani ni tatizo la pekee linalotokana na historia hiyo. Serikali mbalimbali zimegawa mashamba ya makazi na kutoa hati, lakini kazi haijaisha. Mama anayelima karibu na Kilifi bila hati bado anaishi chini ya kivuli cha maili kumi za mwaka 1886.

MAILI MOJA HUKU, MAILI MOJA KULE

Bara nako kulikuwa na maili zake. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa. Reli ilihesabiwa kwa maili kutoka pwani, na kila kambi ilijulikana kwa maili yake. Daraja la Tsavo, ambapo simba walikula wajenzi mwaka 1898, lilikuwa karibu na maili 132. Mwezi Mei 1899 reli ilifika mahali penye maji baridi na uwanda, karibu maili 327. Mbele yake kulikuwa na mlima mgumu wa kupanda, kisha Bonde la Ufa. Basi wakaweka hapo karakana, maghala na ofisi. Mahali hapo ni Nairobi. Mji wetu mkuu haukuchaguliwa kwa sababu ya soko au bandari. Uliota kwenye maili ambayo wajenzi wa reli walihitaji kupumzika na kujipanga. Mwaka 1901 reli ilifika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu.

Lakini reli haikuchukua njia ya mataruma tu. Serikali ya Kiingereza ilileta kutoka Bara Hindi sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 1894, na kwa sheria hiyo ikatwaa ardhi ya maili moja kila upande wa reli, huko bara nje ya eneo la Sultani. Maili moja inasikika kama kitu kidogo. Hebu tupige hesabu pamoja. Maili moja upande huu na maili moja upande ule ni upana wa maili mbili. Kwa hiyo kila maili moja ya reli ilichukua maili mbili za mraba. Maili moja ya mraba ni eka 640, mara mbili ni eka 1,280. Kwa kila maili 100 za reli, hizo ni eka 128,000. Na yote hayo kwa maneno machache kwenye karatasi.

MAILI YA MRABA SI MAILI TU

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu watu wengi huchanganya. Maili ni urefu. Maili ya mraba ni eneo, yaani kipande chenye maili moja kila upande. Mtu akisema "maili tano za mraba" hana maana ya kipande chenye maili tano kila upande. Kipande cha namna hiyo kingekuwa maili 25 za mraba. Tofauti ni mara tano!

Historia ya Wamaasai inatufundisha hapo. Katika mapatano ya mwaka 1904 waliondolewa katika Bonde la Ufa ili Wazungu walime, wakapewa maeneo mawili, moja Laikipia na lingine kusini. Walikuwa na mahali pao pa sherehe za kutahiri karibu na Kinangop, nao waliomba pasiguswe. Waliachiwa angalau maili tano za mraba. Hizo ni eka 3,200, kipande kidogo sana ukilinganisha na malisho waliyokuwa nayo. Waliahidiwa kwamba mapatano hayo yatadumu muda wote Wamaasai watakapokuwako duniani. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1911, yakafanywa mapatano mengine, nao wakahamishwa Laikipia kupelekwa kusini. Walikwenda mahakamani mwaka 1913. Mahakama ilisema hayo yalikuwa mapatano kati ya mataifa mawili, kwa hiyo haina uwezo wa kuyasikiliza. Walishindwa kesi bila hata mashauri ya ardhi yenyewe kusikilizwa.

Siku hizi jambo kama hili linatokea kwa ukubwa mdogo, katika ploti. Unauziwa ploti ya futi 50 kwa 100 na unaambiwa ni "robo ya nusu eka", yaani eka moja kugawanya kwa nane. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Gawanya kwa nane, unapata 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000. Umepungukiwa futi za mraba 445, ukubwa wa nyumba ndogo. Huenda umeridhika nayo, na si vibaya. Lakini ni vizuri ujue kabla ya kulipa, si baada.

MIJI MIWILI, UMBALI MNNE

Sasa swali la jiografia. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni umbali gani? Jibu linategemea unasafirije. Ndege akiruka moja kwa moja ni kama kilomita 440. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ni kama kilomita 470, kwa sababu ina madaraja marefu na imekata vilima. Barabara kuu inapita kilomita 480. Reli ya zamani, zile maili 327, ni karibu kilomita 526, kwa sababu ilijipinda ili gari-moshi liweze kupanda.

Miji ni ile ile, haijasogea hata hatua moja. Umbali wote huo ni wa kweli. Kwa hiyo mtu akikuambia hospitali iko kilomita 12 kutoka kijijini kwenu, mwulize: kilomita za ramani au za mguu? Aliyechora mstari kwenye ramani hakuuona mto usiovukika wakati wa masika. Mama mjamzito anayekwenda kujifungua haendi kwa mstari wa ramani. Anazunguka hadi penye daraja, na pengine kilomita 12 zimekuwa 20. Kikundi kinapoomba zahanati au daraja, umbali wa kuandika kwenye barua ni ule wa mguu, na mweleze hivyo waziwazi.

KATIKA KIKUNDI CHENU

Hebu tuchukue mfano wa maji. Tuseme kikundi kimepata chemchemi, na wazee wanasema ni maili mbili kutoka shuleni. Katibu, kijana aliyezoea kilomita, anaandika "kilomita mbili". Hakuna aliyemsahihisha. Mabomba huuzwa kwa vipande vya mita sita. Kwa kilomita mbili unahitaji vipande 334. Lakini maili mbili ni mita 3,219, na unahitaji vipande 537. Kikundi kimepungukiwa vipande 203. Mtaro umekwisha kuchimbwa, pesa za harambee zimekwisha, na maji yamekoma porini. Watu wataanza kuulizana nani amekula pesa, kumbe hakuna aliyekula. Ni neno moja tu lililoandikwa vibaya.

Kwa hiyo pimeni wenyewe kabla ya kuagiza chochote. Njia hizi ni rahisi:

1. Kwa baiskeli. Funga kitambaa chekundu kwenye spoki moja ya gurudumu la mbele. Sukuma baiskeli ili gurudumu lizunguke mara moja, na upime kwa futi kamba umbali uliokwenda. Kwa baiskeli nyingi ni mita 2 na kidogo. Kama ni mita 2.1, kilomita moja ni mizunguko 476. Mtu mmoja asukume, wa pili ahesabu, wa tatu aandike kila mizunguko 100. Msitegemee kichwa cha mtu mmoja.

2. Kwa kamba. Pimeni kamba isiyonyooka, mita 50, mkaifunge fundo kila mita 10. Hii ni nzuri mahali penye mteremko na vichaka ambapo baiskeli haipiti. Fuateni njia ile ile bomba litakayopita, mkipanda na kushuka na ardhi.

3. Kwa ramani. Ramani nyingi za serikali za eneo letu zina kipimo cha 1 kwa 50,000, yaani sentimita 2 za ramani ni kilomita 1 ya ardhi. Ramani za zamani zilikuwa na inchi moja kwa maili moja. Chukua uzi, ulaze juu ya njia pamoja na mikunjo yake yote, kisha unyooshe uzi kwenye rula. Angalieni jambo moja: ramani ikitolewa kopi kubwa au ndogo kuliko ile ya kwanza, zile nambari hazifai tena. Tumieni ule mstari wa kipimo uliochorwa chini ya ramani, kwa sababu wenyewe hukua na kupungua pamoja na ramani.

4. Kwa simu. Vijana wengi wana simu zinazoweza kuonyesha umbali uliotembea. Ni msaada mzuri. Lakini linganisheni na baiskeli au kamba, hasa mabondeni na chini ya miti mikubwa.

Pimeni mara mbili, kwenda na kurudi. Kama tofauti ni kubwa, rudieni. Halafu mwandike katika kitabu cha kikundi mambo haya: tarehe, jina la kila aliyepima, mmeanzia wapi, mmeishia wapi, mmefuata njia gani, na kipimo ni mita au nini. Msiandike "kutoka kwa Mzee fulani". Mzee anaweza kuhama, na mti unaweza kukatwa. Andikeni kitu kisichohama, kama nguzo ya daraja, kona ya jengo la shule au jiwe la mpaka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa mambo ya mashamba, kupima wenyewe hakutoshi. Mpaka wa sheria hupimwa na mpimaji mwenye leseni. Lakini siku anapokuja, kikundi au familia iwepo yote, akina mama wawepo, na majirani wa pande zote wawepo. Mwulizeni anaanzia jiwe gani, na mwombeni awaonyeshe mawe mengine moja moja. Watoto wakubwa nao waje waone, maana wao ndio watakaokuwa mashahidi sisi tukiwa hatupo. Mwaka 1908 watu wengi wa Pwani hawakuwepo pale walipotakiwa kuwepo, wengine kwa kutojua kabisa kwamba kuna jambo linaamuliwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kutoka kwenu hadi mahali mnapochota maji ni umbali gani? Kila mtu aandike jibu lake bila kumwonyesha mwenzake, kisha mlinganishe. Majibu ya akina mama na ya wanaume yanafanana?

2. Je, kuna mahali katika lokesheni yenu panapoitwa kwa jina la maili? Ni maili kutoka wapi? Waulizeni wazee.

3. Kuna mstari au mpaka wowote uliochorwa zamani ambao bado unaleta shida kwenu, iwe ni msitu, reli, shamba la settler au mpaka wa wilaya? Nani aliuchora, na kwa faida ya nani?

4. Barua ya mwisho mliyoandika kuomba mradi ilitaja umbali? Umbali huo alipima nani?

Mkimaliza mazungumzo, chagueni watu watatu na baiskeli moja, mkapime njia ya swali la kwanza kabla ya mkutano ujao.